Jino Zima Limeng'olewa, Bovu Limebaki

Leo tuna habari ya jino.

Mama mmoja hapa Nyanchwa alimpeleka mtoto kliniki kung'olewa gego bovu. Likang'olewa lililo zima. Alipouliza bima, akakuta kumeandikwa meno matatu, pamoja na eksirei ambayo mtoto hakupigwa. Na sahihi ni yake! Alipewa fomu tupu, akatia. Mama, usitie sahihi fomu tupu, hata ukiharakishwa namna gani.

Kwanza mtibu mtoto. Maumivu hayangoji kesi. Mpeleke kwa daktari mwingine wa meno, naye aandike alichokiona. Weka risiti, kadi na ujumbe wa simu. Omba nakala ya rekodi za mtoto. Huo si ugomvi, Katiba ya 2010 inakupa haki hiyo.

Daktari wa meno hushtakiwa kwa baraza lao, KMPDC, ambalo laweza kumwadhibu. Bili ya uongo ipeleke kwa kampuni ya bima kwa maandishi. Wakikupuuza, andikia Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Kama ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, wajulishe SHA wenyewe.

Fidia hutafutwa mahakamani. Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na waweza kujitetea bila wakili. Mtu mzima ana miaka 3 kushtaki uzembe. Mtoto hupewa muda zaidi, lakini karatasi hupotea, jamani.

Yule mama sasa ana faili lake. Gego bovu limetoka, na barua zimekwenda. Anangoja majibu.