Simu ya Intaneti Bado Inasimama Juu ya Laini: Mada kwa Semina ya Wadau wa Mawasiliano, Mbarara

Waandaaji wa semina hii waliomba mada kuhusu mustakabali wa simu ya intaneti na hoja zinazowagawa wawekezaji. Maana ya simu hiyo inajulikana na kila aliyeketi ukumbini: sauti hukatwa vipande vidogo vya data, vipande hivyo husafiri mtandaoni, kisha huunganishwa upya upande wa pili. WhatsApp, IMO na Messenger hufanya kazi hiyo kila saa. Kampuni ya VocalTec ya Israeli ilianza kuuza programu ya aina hiyo mwaka 1995, na tangu hapo wawekezaji wanaulizana jambo moja: kupiga simu kukiwa bure, pesa itatoka wapi?

Majibu yamewagharimu. eBay ilinunua Skype mwaka 2005 kwa dola bilioni 2.6, na miaka miwili baadaye ikafuta zaidi ya dola bilioni 1 ya thamani hiyo kwenye vitabu vyake. Microsoft iliichukua mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5, na Mei 2025 ikaizima. Ericsson iliinunua Vonage mwaka 2022 kwa dola bilioni 6.2, na mwaka uliofuata ikalazimika kushusha sana thamani hiyo katika hesabu zake. Facebook nayo ilitangaza mwaka 2014 kwamba inainunua WhatsApp kwa dola bilioni 19, wakati programu hiyo ilikuwa haijaanza hata kupiga simu za sauti.

Kutokana na historia hiyo zimezuka kambi mbili. Ya kwanza inasema kampuni za simu zitageuka mabomba ya kupitishia data tu, faida ikienda kwa wenye programu. Ya pili inasema mwenye mnara, namba na huduma ya pesa kwa simu ndiye atakayebaki na mteja. Nchini Uganda mjadala huu unawagusa hata wananchi wa kawaida, kwa sababu masharti ya leseni yanazitaka kampuni kubwa ziuze asilimia 20 ya hisa zao kwa umma. MTN Uganda iliingia Soko la Hisa la Uganda Desemba 2021, na Airtel Uganda Novemba 2023. Mwalimu wa Mbarara mwenye hisa chache naye sasa ni mwekezaji, na ana haki ya kujua biashara aliyoiamini inaelekea wapi.

Mada hii inakubaliana na kambi ya pili, ila kwa sababu ambayo vikao vya wawekezaji havijaipa uzito. Simu ya intaneti katika sehemu hii ya dunia haisimami peke yake. Inasimama juu ya namba ya simu, namba inasimama juu ya laini iliyosajiliwa, na laini iliyosajiliwa inasimama juu ya kitambulisho. Hakuna mahali hali hiyo inapoonekana wazi zaidi kuliko Nakivale.

Makazi ya Nakivale yako wilaya ya Isingiro, mwendo wa kilomita zipatazo 60 kutoka Mbarara, na yanapokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wapo Wakongo, Wasomali, Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao sokoni. Ukipita eneo lake la Base Camp utaona duka lenye paneli ya sola juu ya paa, simu zimepangwa kwenye ubao zikichajiwa kwa malipo, kila moja ina kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Nje, mama ameshika simu karibu na mdomo, anarekodi ujumbe wa sauti kwa ndugu aliyebaki Uvira, Congo. Hapigi simu ya moja kwa moja. Mtandao ukiyumba katikati ya mazungumzo, bando limekwenda na maneno hayakufika. Ujumbe wa sauti husubiri mpaka mawimbi yarudi.

Kiufundi mama huyo yuko sahihi: kinachomkwamisha ni kuyumba kwa mtandao, si wingi wa data ambayo sauti inahitaji. Simu ya kawaida ya kidijitali hutumia kilobiti 64 kwa sekunde kwa sauti ya upande mmoja. Mfumo wa kubana sauti wa Opus, uliopitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012, unaweza kushuka hadi kilobiti 6 na sauti ikaeleweka. Kwa kilobiti 16, dakika moja ya maneno haizidi sana kilobaiti 120. Kwa hiyo hoja kwamba vijijini hakuna uwezo wa kubeba simu za intaneti haina nguvu iliyokuwa nayo zamani.

Kuhusu kodi, maneno machache yanatosha. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, simu za WhatsApp zikiwemo. Watu wengi walikimbilia VPN ili kuikwepa. Katika mwaka wa kwanza wa fedha Mamlaka ya Mapato ilitarajia shilingi bilioni 284, ikapata takriban bilioni 49.5. Julai 2021 kodi hiyo ilifutwa, badala yake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Mkimbizi anayenunua bando dogo kila siku ndiye anayeusikia zaidi. Hilo serikali ilijue, na mada hii inalisema kwa heshima zote.

Tatizo kubwa ni laini.

Aprili 2017 Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, iliagiza laini zote zihakikiwe kwa kitambulisho cha taifa, na muda wa mwisho ukasogezwa hadi Agosti. Sababu za usalama zilikuwepo na hazipingwi hapa. Lakini mkimbizi hana kitambulisho cha taifa. Machi 2018 uuzaji wa laini mpya ukasimamishwa kwa muda. Wengi makazini walipoteza namba, na wengine waliomba mwenyeji awasajilie kwa jina lake. Agosti 2019 UCC iliruhusu wakimbizi wasajili laini kwa kitambulisho cha mkimbizi au barua ya uthibitisho kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Uamuzi huo ulikuwa mzuri, nao unastahili pongezi. Haukumaliza tatizo.

Mfikirie anayekuja sasa. Baada ya waasi wa M23 kuingia Goma Januari 2025 na Bukavu Februari, familia zilivuka mpaka, nyingine kupitia kituo cha Nyakabande, Kisoro, na baadhi zikaletwa Nakivale. Mtu anafika na simu yenye WhatsApp ya namba ya Congo. Akiunganisha simu hiyo na intaneti ya Uganda, akaunti inaendelea kufanya kazi, hivyo yeye na wahudumu wote wanadhani mambo ni sawa. Miezi inapita, laini ya Congo haiongezwi salio na inafungwa. Siku simu inapoibiwa, kuvunjika kioo au kuuzwa ili kununua chakula, anaazima nyingine na kujaribu kufungua akaunti yake. Msimbo wa tarakimu sita unatumwa kwenye laini iliyokufa. Haupati tena. Akaunti isiyotumika kwa siku 120 hufutwa, na namba yenyewe kampuni inaweza kumpa mteja mwingine kabisa.

Kilichopotea hapo ni njia pekee ambayo kaka aliyeko Bujumbura, mtoto aliyepotelea njiani na shangazi aliyehamishiwa Marekani walikuwa wanaijua. Shirika la Msalaba Mwekundu la Uganda huwasaidia wakimbizi makazini kupiga simu bure na kutafuta ndugu waliopotezana. Inauma kuona familia iliyokwisha kupatana inapotezana upya kwa sababu ya laini.

Anayetumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mwenyeji naye hayuko salama. Laini ikipotea, duka la kampuni litamtaka mwenye jina aje mwenyewe. Mwenye jina akihama Mbarara, au wakigombana, namba imekwenda na pesa zilizokuwa kwenye simu.

Watunga sera wameelezwa haya mara nyingi. Jibu huwa kwamba utaratibu upo. Upo, ndiyo, lakini aliyeko Juru au Rubondo, maeneo mengine ya Nakivale, anayesubiri barua yake ya uthibitisho hajaufikia.

Mada hii inapendekeza kwanza kwamba UCC na Ofisi ya Waziri Mkuu waruhusu laini ya muda kwa anayesubiri hati, isajiliwe kwa karatasi anayopewa kwenye kituo cha mapokezi, na igeuzwe kuwa ya kudumu bila kubadili namba. Kitambulisho kinapoisha muda, laini isifungwe wakati mwenyewe yuko kwenye foleni ya kukihuisha.

Kampuni za simu zipeleke meza za usajili Base Camp, Juru na Rubondo, siku za mgao, wakati watu wamekusanyika. Zitoe pia njia ya kuhamisha laini kutoka jina la mwenyeji hadi jina la mtumiaji, wote wawili wakiwepo, bila adhabu kwa yeyote.

Mashirika yanayopokea wageni Nyakabande na Nakivale yaongeze somo la dakika kumi: namna ya kubadili namba ndani ya WhatsApp kabla laini ya Congo haijafa, na namna ya kuweka barua pepe kwenye akaunti. Somo hilo halina maana bila laini mpya yenye jina la mtu, kwa hiyo pendekezo la kwanza linarudiwa hapa kwa makusudi.

Wizara ya Fedha itazame upya ushuru wa asilimia 12 kwa mabando madogo kabisa. Mpango wa Mtandao Mmoja wa kupunguza gharama za simu kati ya nchi jirani, ulioanza mwaka 2014 ukizihusisha Kenya, Rwanda, Uganda na Sudan Kusini, ufikishwe Congo na Somalia, ambazo sasa ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Simu ya kawaida kwenda Bukavu ikishuka bei, asiye na simu janja naye atasikika. Intaneti isizimwe nchi nzima kama ilivyofanyika Januari 2021, kwa kuwa makazini kuizima ni kukata mawasiliano kati ya wazazi na watoto.

Kwa wawekezaji, wenye fedha nyingi na wenye hisa chache, pendekezo ni kuuliza swali moja kwenye mkutano wa mwaka: ni laini ngapi zimesajiliwa kwa hati za wakimbizi, na ngapi kati yake zilifungwa mwaka huo? Kampuni inayoamini kwamba mwenye namba ndiye atakayebaki na mteja ingepaswa kuwa na takwimu hizo tayari. Nakala ya majibu iwekwe kwenye ubao wa matangazo wa Base Camp, kwa Kiswahili.