Kijana Asikilizwe Kwanza



Nimeombwa niseme juu ya nidhamu vyuoni. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Karibu 400 walifukuzwa kwa mkumbo. Wengi walirudishwa baadaye.

Marekani, mwaka 1961, mahakama ya rufani iliamua kwamba chuo cha serikali cha Alabama kilikosea kuwafukuza wanafunzi waliopinga ubaguzi bila kuwaeleza shtaka wala kuwasikiliza. Katiba yetu nayo, ibara ya 13(6)(a), yatoa haki ya kusikilizwa na kukata rufaa.

Mimi mtumishi wa Serikali sifukuzwi kazi bila hati ya mashtaka na muda wa kujitetea. Kwa nini kijana wa miaka ishirini anyimwe?

Baadhi yetu tumo katika mabaraza ya vyuo. Kabla ya kutia sahihi, tuulize: Ameandikiwa kosa lake? Amepewa siku za kujibu? Aliyemshtaki ndiye anayemhukumu? Nidhamu isiyosikiliza huzaa woga, haizai adabu.