Utando wa Nje wa Bakteria

Msikilizaji, bakteria kama E. koli wana tando mbili, na wa nje ndio unaozuia dawa nyingi kupenya. Utando huo hushikamana kwa magnesiamu na kalsiamu, mithili ya saruji kati ya matofali. Kemikali ya EDTA huyanyakua madini hayo. Dawa ya kolistini huyasukuma kando, kisha huupasua utando. Mwaka 1983, Martti na Timo Vaara wa Ufini walionyesha kuwa polimiksini, dawa ya jamii moja na kolistini, iliyoondolewa mkia wake wa mafuta hufungulia njia dawa nyingine. Matumaini makubwa hayo! Lakini kolistini ikachanganywa kwenye chakula cha nguruwe, na mwaka 2015 wanasayansi wa China wakatangaza jeni ya usugu dhidi ya dawa hiyo, mcr-1. China ilipiga marufuku kukuza mifugo kwa kolistini mwaka 2017. Nchi ambazo bado zinaruhusu matumizi hayo zinamnyang'anya mgonjwa mahututi dawa yake ya mwisho.