Usafi Hauishii Kwenye Udhu
(Mawaidha yaliyotolewa Kwa Sadala, Hai, baada ya swala ya Ijumaa)



Leo tunataka tukumbushane jambo ambalo wengi wetu tunalidharau, nalo ni takataka za plastiki.

Tarehe 1 Juni 2019 Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Tanzania Bara, nasi tukarudia vikapu. Lakini marufuku ile haikugusa chupa za maji na soda wala madumu. Hivyo ndivyo vinavyozagaa kuanzia sokoni hapa hadi kwenye mifereji inayonywesha migomba yetu. Mvua ikinyesha huteremka hadi mto Kikafu, na maji hayo huishia Pangani. Tunachokitupa sisi wa mlimani hukipokea ndugu zetu wa bondeni. Je, hiyo si dhuluma?

Wapo wanaosema, "Sisi tunazichoma." Moshi ule una sumu, na wa kwanza kuuvuta ni watoto wetu wenyewe.

Wapo vijana na akina mama wanaookota chupa na kuziuza kwa kilo. Hiyo ni riziki ya halali, lakini sisi tunawatazama kwa dharau, kisha tunawalazimisha kuichimbua jalalani. Chupa iliyochanganywa na makombo na mafuta hushuka thamani, kwa kuwa ni lazima ioshwe kabla ya kusagwa na kuyeyushwa. Tena plastiki si aina moja. Tazameni pembetatu chini ya chombo: chupa ya maji huwa na namba 1, madumu mengi namba 2. Zikiyeyushwa pamoja, zote huharibika.

Na tujihesabu wenyewe kwanza. Ramadhani, baada ya futari, ua wa msikiti tunauachaje? Kokwa za tende, maganda na chupa, vyote gunia moja! Tumetawadha kwa uangalifu, kisha tukamwachia mwingine uchafu wetu.

Basi tunapendekeza msikitini na majumbani yawekwe magunia matatu: makombo yaende migombani, chupa tupu zilizosuuzwa ziwe peke yake, na zilizobaki peke yake. Chupa tuwape waokotaji bure, tena kwa salamu na heshima, kwani wanaondoa njiani kinachowaudhi watu, na hilo Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kuwa ni sehemu ya imani.

Wabillahi tawfiq.