Daftari na Sahani ya Ladu



Nashukuru kwa kualikwa, mimi jirani, kusema machache katika siku hii ya kumbukumbu. Nimechagua swali linalobisha hodi katika kila nyumba ya mtaa huu: je, mtu anayelipa deni ana haki ya kufurahi?

Nilipokuwa mtoto, baba yangu alichukua sukari na vitambaa kwa mkopo katika duka la mzee mmoja wa Kigujarati. Ilipokaribia Diwali, wakati ambapo wafanyabiashara wa jamii hiyo hufunga vitabu vya hesabu vya mwaka unaokwisha na kuvifanyia ibada vitabu vipya, tuliitwa dukani. Mzee alilisoma deni mstari kwa mstari, baba akalipa alichokuwa nacho, salio likaandikwa katika daftari jipya. Kisha ikaletwa sahani ya ladu, tukala sote, mdai na mdaiwa. Wakati ule sikuona ajabu yoyote.

Nilipokuwa mtu mzima nilikopa shilingi 2,000,000 nimalizie paa la nyumba, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi juu ya deni lililosalia. Niliapa kulipa 120,000 kila mwezi, nikapiga marufuku kila starehe: nyama ya Jumapili, nauli ya kwenda kumwona bibi, hata gazeti langu. Nilijiona shujaa. Mwezi wa tano ikafika sikukuu. Nyuso za watoto zikanishinda, nikakopa tena kwa siri, 300,000, tukafanya karamu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga yangu yalikuwa kuiuza baiskeli.

Mke wangu alipojua hakunigombeza, alileta penseli. Tukapiga hesabu niliyopaswa kuipiga tangu mwanzo. Kwa 120,000 kila mwezi, deni la kwanza lingekwisha kwa miezi 24. Tungetenga 10,000 kwa ajili ya furaha na kulipa 110,000, lingekwisha kwa miezi 27. Miezi mitatu tu! Lakini tungejiachia na kulipa 80,000, ingekuwa miezi 47, kwa kuwa mwezi wa kwanza riba peke yake ni 60,000. Furaha iliyoandikwa daftarini ina bei inayojulikana. Ile niliyoifukuza ilirudi kwa mlango wa nyuma, nayo ilikuja na riba yake.

Tangu usiku ule palikuwa na bahasha ya 10,000, na watoto ndio walioamua itumikeje. Mara nyingi walichagua nauli ya kwa bibi. Mwezi mmoja walibishana mno, hata wakasema basi ipelekwe kwenye deni. Mama yao alikataa katakata, akawatuma wakanunue ladu.