MKONO USIOZOEZWA HAUOKOI
(Maneno aliyosema ndugu mmoja wa reli mbele ya madereva, mkutano wa tawi)



Mmeniita mimi mtu wa reli niseme nanyi madereva wa malori na mabasi. Labda mmoja atauliza, huyu ajua nini habari za barabara? Jawabu langu ni hili: mzigo mzito ukiteremka mlima bila breki, mauti ni yale yale, juu ya chuma au juu ya lami.

Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh katika Ireland, treni iliyojaa watoto na wazazi ilishindwa kupanda mlima. Mabehewa ya nyuma yakafunguliwa, yakarudi chini yenyewe, yakagonga treni iliyokuwa ikija. Watu 80 walikufa. Mwaka ule ule sheria ikaamuru kila treni ya abiria iwe na breki inayojifunga yenyewe mabehewa yakikatika. Lakini George Westinghouse wa Marekani alikuwa ameibuni breki ya namna hiyo tangu 1872. Ujuzi ulikuwako miaka 17. Aliyekosekana ni wa kulazimisha.

Ndugu, na sisi tungoje makaburi? Tarehe 30 Juni 2023, hapo Londiani, lori liliacha barabara likagonga magari na watu waliokuwa kando. Zaidi ya 50 walikufa. Wengi wenu hupita pale.

Gari likienda kilometa 80 kwa saa hukata meta 22 kila sekunde. Nafasi ya kufikiri haipo. Mkono na mguu hufanya kile vilichozoea, na wengi wetu hatukuzoezwa neno lolote ila kukanyaga breki.

Basi shikeni haya. Mlima mrefu, tia gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, injini ikuzuie. Usitoe gia ili kuokoa dizeli, kwa maana breki zikishika moto, gia nayo huenda ikakataa kuingia. Tairi la mbele likipasuka, usikanyage breki kwa ghafula. Shika usukani imara, ondoa mguu kwenye mafuta polepole, gari lipungue mwendo lenyewe. Breki zikikataa, washa taa, piga honi, uelekee palipo na mwinuko au udongo laini, mbali na watu.

Lakini kusikia si kuzoea. Hakuna aliyejifunza kuogelea kwa kuhutubiwa. Kwa hiyo nataka tawi hili liwapelekee waajiri mambo matatu.

Kwanza, kila dereva apewe siku za mazoezi kila mwaka, katika uwanja usio na watu, pamoja na mwalimu anayejua kazi, na siku hizo zilipwe mshahara.

Pili, dereva akisimama kukagua breki kabla ya mteremko, asiandikiwe kosa la kuchelewa.

Tatu, dizeli isipimwe kwa kipimo kinachomlazimisha mtu kuteremka bila gia. Anayeokoa lita mbili namna hiyo anazilipia kwa roho za watu.

Dereva akifa, lori jingine hununuliwa. Watoto wake hawanunuliwi baba mwingine. Tuyaseme haya kwa sauti moja, leo, tungali hai.