Je, Dola Hunyauka Yenyewe? Ahadi ya Wakomunisti na Yaliyowafika Waislamu wa Urusi



 Wapo vijana wetu wasomi wanaotuuliza: ikiwa watawala ndio chanzo cha dhulma, kwa nini tusitake jamii isiyo na dola kabisa, kama walivyoahidi Wakomunisti? Swali hili si la kudharauliwa, basi na tulitazame kwa uadilifu.

Marx na Engels walidai kuwa dola ni chombo cha tabaka moja kulikandamiza jingine. Matabaka yakiondoka, chombo hakitakuwa na kazi tena, kitanyauka chenyewe. Mwaka 1917 Lenin aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, akidai kuwa dola ya wafanyakazi itaanza kunyauka tangu mwanzo wake. Mwaka huo huo haujesha, serikali yake ikaunda Cheka, polisi ya siri. Mwaka 1930 Stalin akafafanua kuwa ili dola ife, sharti kwanza iimarishwe kupita zote zilizotangulia! Mwaka 1961 chama kikaahidi ukomunisti ndani ya miaka 20. Kilichonyauka, mwaka 1991, ni Muungano wa Kisovieti wenyewe, na mahali pake zikasimama dola 15.

Waislamu waliionja ahadi hiyo. Mwishoni mwa 1917 Lenin na Stalin waliwatangazia Waislamu wa Urusi kuwa itikadi na mila zao hazitaguswa. Wapo walioamini, akiwemo Mirsaid Sultan-Galiev, Mtatari aliyepanda hadi ngazi za juu za chama. Alikamatwa 1923, na mwaka 1940 akapigwa risasi. Misikiti na madrasa zikafungwa kwa wingi, na herufi za Kiarabu walizoandikia lugha zao zikaondolewa, zikaletwa za Kilatini, kisha za Kirusi, hata mjukuu akashindwa kuusoma wasia wa babu yake. Dola inayokaribia kufa haina haja ya kuingilia alfabeti ya watu.

Kwa nini haikunyauka? Mali yote ikiwa ya umma, lazima awepo karani wa kuigawa, na mkaguzi wa kumchunga karani, na askari wa kumlinda mkaguzi. Kilichotoka mkononi mwa tajiri kikaingia mkononi mwa afisa. Tena walidhani kila uadui watoka katika mali. Qabil hakumuua Habil kwa ajili ya ujira wala shamba. Alimuua kwa husuda.

Rai ya kuishi bila mtawala si ngeni katika vitabu vyetu. Al-Asamm, katika Mu'tazila, alisema watu wakifanyiana uadilifu hawana haja ya imamu, na Najdat katika Makhawariji walikaribia kauli hiyo. Al-Mawardi (aliyefariki 450 Hijria) akaihesabu rai ya al-Asamm kuwa ni ya kujitenga na jamhuri ya wanazuoni, kwani Maswahaba walimbai Abu Bakr (R.A.) kule Saqifa kabla hata Mtume (S.A.W.) hajazikwa. Naye Ibn Khaldun akabainisha kuwa uchokozi umo katika tabia ya mwanadamu, kwa hiyo hapana budi awepo mzuiaji, ambaye kwa istilahi yake ni *wazi'*.

Hatusemi haya ili kuwasafisha madhalimu. Marx hakukosea alipoziona dola za zama zake zikiwatumikia wenye mali, na za leo nyingi ni hivyo hivyo. Lakini al-Mawardi huyo huyo, alipotaja masharti ya imamu, alianza na uadilifu, kisha akaeleza kuwa akiupoteza kwa ufasiki hutoka katika uimamu. Wenzetu waliahidi siku ambayo dola itakufa, na hata sharti waliloliandika la kumwondoa anayeishika kabla siku hiyo haijafika, halikutekelezwa.